Futi 19 au futi 31: nilivyochagua mashua ya kununua Lamu

Nilipoamua kuacha kukodi chombo cha mtu na kununua changu, palikuwa na mashua mbili zinauzwa kwa wakati mmoja. Ya kijiji cha Matondoni ilikuwa na futi 19. Ya Kipungani ilikuwa na futi 31, na bei yake ilizidi mara mbili ya ile ndogo. Fedha zangu, pamoja na mkopo aliouchukua mke wangu kwenye chama chao cha akina mama, zingetosha kubwa kwa kubanana, au ndogo na tanga jipya juu yake.

Kazi niliyokuwa naitaka ni ya humu humu ndani: kupeleka wageni Shela, Takwa na Manda Toto, na pasipo wageni kuvua kwa mshipi. Mikono ilikuwa yangu na ya mpwa wangu, basi.

Nilianza Matondoni. Nilikwenda na fundi mzee asiyejuana na muuzaji, na kama kuna jambo moja ningemsihi mnunuzi yeyote, ni hilo. Nilikuwa nimeinama natazama mbavu za nje, zilizopakwa rangi mpya ya buluu, akanishika bega.

"Mwanangu, rangi iache. Tafuta mahali maji ya mvua yanapolala."

Chumvi huhifadhi mbao, maji ya mvua ndiyo huziozesha. Kwa hiyo tuliinua mbao za tezi, huko nyuma ya chombo, tukaingia chini kwenye pembe ambazo jua halifiki, tukachoma kwa ncha ya kisu. Taruma moja, ule mti uliopinda unaoshikilia mbao kwa ndani, kisu kilizama kama kwenye papai lililoiva, na la jirani yake lilikuwa limeanza kulainika. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ulikuwa mzima. Misumari michache ilikuwa imetoa michirizi ya kutu, lakini mbao zilizoizunguka zilikuwa bado ngumu.

Kisha tukaishusha majini. Ilivuja sana, na mwenyewe akaona haya. Fundi hakushtuka, kwa sababu chombo kilichokaa mchangani juani mbao zake hunywea, lazima zinywe maji zivimbe ndipo zibanane. Tukafua maji, tukaiacha ielee usiku kucha, tukafua tena. Kesho yake jioni ngama, chini ndani maji yanapokusanyika, ilikuwa na maji kidogo tu. Ingeendelea kuingiza kwa kasi ile ile, ningejua tatizo ni kalafati inayoziba mianya ya mbao, au ubao wenyewe, na mazungumzo ya bei yangekuwa mengine.

Ile ya Kipungani, nasema kweli, ilikuwa chombo bora. Tulichoma kisu kila mahali hatukupata pa kuzama. Mwenyewe akanichukua na wanawe watatu hadi mlangoni Shela, kusi likiwa limeshika, mahali ambapo mawimbi ya bahari kuu hukutana na maji yanayotoka. Ilipita pale imetulia. Moyo wangu ulibaki kwenye chombo kile, na kwa siku kadhaa sikuzungumza habari nyingine nyumbani.

Lakini nilikuwa nimewatazama wale vijana wakati wa kugeuza tanga. Mwenye tanga kama letu anaijua kazi hiyo: foromali, mti unaobeba tanga, husimamishwa karibu wima, demani, kamba inayolizuia tanga, huachiwa, tanga zima huzungushwa kwa mbele ya mlingoti likapelekwa upande wa pili, na wakati huo chombo kimeupa upepo mgongo. Kwenye futi 31 kila mmoja wao alikuwa na kamba mkononi, na baba yao ameshika kana ya usukani. Hakukuwa na mkono uliobaki wa kuhamisha magunia ya mchanga ya farumi, yale ya kukipa chombo uzito kisilale. Sisi ni wawili. Ningelazimika kuajiri mabaharia, na siku isiyo na wageni nao wanataka kula.

Halafu ni maji. Takwa huingiwa kwa mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko, na maji yakitoka unakwama humo na wageni wako hadi yajae tena. Ndogo huelea penye maji ya mapajani, kwa hiyo huingia mapema na hutoka bila pupa, hata siku za maji mafu, bahari isipojaa sana. Kubwa ingesubiri maji yajae kabisa.

Hesabu iliyonimaliza ilikuwa ya matunzo. Watu hupima mashua kwa urefu, na urefu unadanganya: chombo kikizidi kingine kwa nusu ya urefu, tanga lake huzidi mara mbili, na mbao zake huzidi zaidi ya hapo. Kujahabu, yaani kukipandisha chombo pwani kukisafisha, nako vivyo hivyo. Ndogo tunaipandisha mchangani kwenye bamvua, maji yanapojaa sana, tunaikwangua, tunaichoma chini kwa makuti makavu kuua wadudu wanaotoboa mbao, na kuipaka shahamu na chokaa, mimi na mpwa wangu. Kubwa inataka magogo, na kundi la watu wa kuivuta na kuishusha.

Nikarudi Matondoni. Yale mataruma mawili yalinipunguzia bei, na muuzaji akaniongezea nanga na makasia. Tuliandikiana mbele ya mashahidi wawili, kisha tukabadilisha jina kwenye leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya kabla sijamaliza kumlipa, maana leseni ikibaki kwa jina la mwingine, ukaguzi ukija utaulizwa wewe. Fundi aliweka mataruma mapya ya mkoko, nikashona tanga, nikanunua majaketi ya kujiokolea ya kila abiria.

Ile kubwa ilichukuliwa na ndugu watano wa Kizingitini wanaovua kamba nje ya miamba, na imewafaa hasa, maana mikono wanayo na maji ya kwao ni ya nje. Nikipata wageni wengi wanaotaka kwenda Kiwayu kulala, nawapigia simu ndugu wale, nakwenda nao kama mpishi na mwenyeji wa wageni, na nauli tunagawana.