Kabla hujapiga window

Jioni amekuja mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, hapa Kirumba, Mwanza, akiwa na laptopu ya marehemu mumewe. Ukiiwasha inaishia kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe. Fundi mmoja wa mjini alishamwambia ipigwe window, yaani Windows iwekwe upya, na vilivyomo vitafutika.

"Mwanangu, picha za baba yao zote zimo humo."

Nikamwambia, "Mama, tuanze na flashi."

Flashi yangu ina Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, niliyoiweka kwa programu ya Rufus. (Rufus hufuta kila kitu kwenye flashi, kwa hiyo usitumie yenye kazi zako.) Niliichomeka mashine ikiwa imezimwa, nikawasha huku nabonyeza F12. Mashine nyingine hutaka Esc au F9. Orodha ikaja, nikachagua flashi, na kompyuta ikawaka kwa mfumo wa kwenye flashi, unaofanyia kazi ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Hapo ndipo ninapoipendea njia hii: husakinishi chochote, hufuti chochote, unaifungua diski ya mwenyewe na kuchukua kilicho chake.

Diski yake ilikuwa nzima, Windows tu ndiyo iliyoharibika. Ilipofunguka picha ya mzee akiwa kivukoni Kamanga, mama alinishika mkono asiuachie. Tukanakili zote. Video ya harusi ya binti yao iligoma kuingia kwenye flashi aliyokuja nayo, maana ilikuwa imepangwa kwa FAT32, mpangilio usiopokea faili linalofika GB 4. Tukaiweka kwenye diski ya nje.

Si kila mara inawezekana. BitLocker, kufuli la Windows linalofunga vilivyomo kwenye diski, ikiwa imewashwa, bila ufunguo wake wa tarakimu 48 hutoki na kitu. Na diski inayogongagonga, izime upesi.

Lakini mafundi wenzangu wa Makoroboi, Igoma, Buzuruga, kwa nini tunakimbilia kufomati? Njia hii si ya jana. Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix mwaka 2000, mfumo uliowaka kutoka kwenye CD. Mteja akikuletea mashine, muulize kwanza ndani mna nini. Picha za marehemu hazipakuliwi upya kama window.

Asiye na flashi ya namna hii aje na yake ya GB 8, tupu. Nitamwekea bure.