"Barafu, nyangumi, na nisitapike": nilivyompeleka mama Alaska kwa meli

Mwenzangu wa zamu ya usiku ndiye aliyenitia hofu. Ni mama wa Kifilipino, amekwenda Alaska kwa meli mara mbili, 2012 na 2023, na ukimsikiliza utadhani alikwenda nchi mbili. Ile ya kwanza, anasema, usiku ukirudi chumbani unakuta kitanda kimetandikwa upya, chokoleti juu ya mto na taulo imekunjwa umbo la tembo. Ya pili, chumba kilisafishwa mara moja kwa siku, chokoleti hakuna, samaki anakuja amekauka, ukiagiza chakula chumbani unalipia, na ukitaka sahani ya pili ya kambakoche unatajiwa bei yake. "Wameigeuza basi," aliniambia huku anavaa glavu. "Tena afadhali basi, halikudai bakshishi kila siku."

Mimi nilikuwa nimekwishatoa arbuni.

Mama alifika kutoka Tanga Januari 2024, akaja kukaa nasi hapa Kent, kusini ya Seattle, na miezi yake sita ilikuwa iishe Julai. Sikutaka arudi nyumbani na habari za maduka na mvua tu. Meli za Alaska zinaondokea hapa hapa Seattle, kwa hiyo hakuna nauli ya ndege, na mtu wa miaka 68 mwenye magoti mabovu hahitaji kubeba sanduku kila siku. Hesabu ilikubali. Lakini yale maneno ya zamu ya usiku yakanikaa kichwani wiki nzima, kila nikipiga hesabu ya ile fedha namwona Mama amekaa mezani mbele ya sahani ya samaki mkavu.

Mwishowe nikamwuliza mwenyewe. Alikuwa jikoni anachambua mchele, mchele wa Marekani ambao hauna hata jiwe moja, lakini anachambua.

"Mama, hii safari, wewe hasa unataka nini?"

Hakuinua macho. "Barafu," akasema. "Na nyangumi. Na nisitapike."

Basi. Kuanzia siku ile kila lalamiko nililoletewa nikalipima kwa hayo matatu, na chokoleti haikumo.

Tuanze na barafu. Nilikuwa nimechagua meli kwa sura: bwawa, ngazi za kung'aa, mtelezo wa watoto. Nilipoisoma ratiba yake vizuri nikaona haiingii kabisa Glacier Bay, ile ghuba ya barafu iliyo hifadhi ya taifa. Hifadhi ile inaruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, na si kila kampuni ina kibali. Nikabadilisha, nikachukua meli iliyozeeka kidogo, isiyo na mtelezo, yenye ratiba ya Ketchikan, Juneau, Skagway, kisha siku nzima Glacier Bay. Mwanangu wa miaka kumi na moja alininunia siku mbili kwa ajili ya ule mtelezo. Yakapita.

Nyangumi hawategemei meli kubwa. Unashuka Juneau, unapelekwa Auke Bay, unapanda boti ndogo. Kampuni ya meli inakuuzia safari hiyo, lakini wenyeji nao wanaiuza, kwa bei ya chini na boti yenye watu wachache. Hatari yake ni moja: ukinunua kwa mwenyeji ukachelewa, meli haikungoji. Nilichukua ya mwenyeji, ya asubuhi, nikaacha saa nne nzima kabla ya meli kung'oa nanga. Halafu nikaangalia ratiba ya bandari, maana Juneau huonyesha mapema siku gani meli ngapi zinaingia. Mji una watu kama 32,000 hivi, na wamechoshwa na msongamano kiasi kwamba mwaka ule ule wa 2024 walianza kuweka ukomo wa meli kubwa tano kwa siku. Nikapata wiki ambayo siku yetu ilikuwa na tatu. Ukiniuliza leo, kati ya yote niliyoyafanya, hilo lilitufaa kuliko chumba chenye roshani.

Roshani yenyewe hatukuchukua. Tulichukua chumba cha dirisha, ghorofa ya chini, katikati ya meli, kwa sababu ya lile la tatu. Meli zinazotoka Seattle hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, bahari ya wazi, na omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndiko kunakopanda na kushuka. Mama nilipomwonyesha ramani ya vyumba aliniuliza omo liko wapi, akaweka kidole katikati, akasema, "Hapa, karibu na ngama. Baba yake mtu alikuwa baharia, usinifundishe." Babu alikuwa akivusha jahazi kati ya Tanga na Pemba.

Usafi wa meli nao ulinisumbua, na hapo kazi yangu ya kuhudumia wagonjwa ikanisaidia. Ugonjwa wa kuhara na kutapika ukiingia mahali watu wanakula pamoja, hauchagui. CDC, taasisi ya afya ya Marekani, hukagua meli hizi kwa kushtukiza na kuzipa alama, ya juu kabisa ikiwa 100. Ukipata 85 au pungufu umefeli. Ripoti ziko wazi kwa kila mtu, na zinaeleza mambo madogo madogo: friji fulani ilikuwa na joto kupita kiasi, sinki fulani halina sabuni. Nilisoma za meli yetu za miaka mitatu. Haikuwahi kushuka chini ya 90. Mtu anaweza kukwambia chakula kimeshuka ladha, na pengine ni kweli, lakini friji zilikuwa sawa. Na sabuni nilimfundisha mwanangu upya, kwamba ile dawa ya kupaka mikononi mlangoni pa ukumbi wa chakula peke yake haitoshi, lazima maji na sabuni.

Bei pia ilinipa funzo. Kabla ya siku ya mwisho ya kumaliza malipo, yaani siku 90 kabla ya safari, nilikuwa nachungulia bei kila Jumanne. Mwanzoni mwa Machi ikashuka. Nikapiga simu, nikaomba bei mpya, wakanipa: dola 140 pungufu kwa kila mtu. Nisingepiga wasingenipigia. Fedha hiyo nikaitenga kwa ile bakshishi ya kila siku, yaani ada ya wahudumu, ambayo kwa kampuni nyingi mwaka ule ilikuwa kati ya dola 16 na 20 kwa kichwa kwa siku, mtoto naye ndani.

Sasa niseme nilipokosea, maana karibu safari nzima iishie hapo.

Mwishoni mwa Machi, nikiwa nimeshamaliza kulipa, najaza taarifa za abiria, nikafika kwenye pasipoti. Mimi na mwanangu tuna za Marekani. Mama ana ya Tanzania. Na kwenye ratiba, jioni ya mwisho, kuna kituo kimoja nilichokuwa nakipita kwa macho tu: Victoria, Kanada. Safari za kwenda na kurudi Seattle zinapita huko kwa sababu ya sheria ya Marekani ya 1886, inayokataza meli zenye bendera ya nje kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani zenyewe kwa zenyewe bila kugusa nchi nyingine. Na meli hizi karibu zote bendera zao ni za Bahamas, Bermuda, Panama na kwingineko. Nikauliza kampuni: je, Mama akibaki ndani ya meli? Wakasema hapana, bila visa ya Kanada hapandi kabisa, tangu Seattle.

Usiku ule sikulala. Dola 100 za Kanada za maombi, 85 za alama za vidole, barua ya mwaliko, taarifa za benki, hati ya nyumba yake ya Ngamiani, Tanga. Vidole alichukuliwa kwenye ofisi ya uhamiaji ya Marekani, na vidole vya mtu aliyekuna nazi na kufua kwa mikono miaka hamsini havisomeki haraka. Mhudumu alivifuta, akavibonyeza, akavifuta tena. Nikahakikisha pia visa yake ya Marekani ni ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukishatoka hata kwa saa tatu, umetoka. Pasipoti ilirudi na visa siku kumi na moja kabla ya safari. Kama una mzazi mwenye pasipoti ya kwetu, tafuta visa kwanza, arbuni baadaye.

Nguo tulinunua mitumba. Mama alicheka mpaka akakaa chini katikati ya duka. "Nimetoka Tanga, nimepanda ndege tatu, kuja kununua mitumba!" Lakini alikuwa na jicho kuliko mimi, anageuza jaketi ndani nje, anakagua mshono, anavuta zipu mara tano. Alaska mwezi Juni si baridi ya kuua, ni kama nyuzi 10 hadi 17 mchana, ila kuna mvua, na mbele ya barafu upepo unachoma. Tukapata sweta za kuvaa moja juu ya nyingine, soksi za sufu, na majaketi matatu ya mvua. Majaketi niliyajaribu bafuni: nikamvalisha mwanangu moja moja, nikamsimamisha chini ya bomba dakika tano. Mawili yalifaulu. La tatu lilirudi dukani. Ketchikan hunyesha zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, na siku yetu tulipewa fungu letu lote.

Kuhusu chakula niliiandikia kampuni mapema kwamba Mama anakula halali. Walijibu kwa adabu, na melini mkuu wa meza alikuwa na jina lake kwenye karatasi. Hata hivyo siku nyingi alikula samaki, mayai na mboga. Na hapa nakubaliana na mwenzangu wa zamu: samaki walikuwa wamepikwa wakakauka. Kuhusu samoni Mama alitoa hukumu moja tu, "Ana mafuta kama nguru, lakini aliyempika hana haraka ya kumwonja." Tulikuwa na chupa ya chai, majani yetu, iliki na tangawizi ya unga, na maji ya moto yapo ukumbini mchana na usiku. Birika la umeme usibebe, watalichukua mlangoni.

Chumba chetu siku mbili za mwanzo kilinuka mtaro. Nililalamika mara tatu ndipo fundi akaja. Kijana aliyetuhudumia, Mwindonesia, alikuwa na vyumba vingi mno, unamwona anakimbia kwenye ujia na mashuka begani, na nilielewa ile chokoleti imekwenda wapi: mikono imepunguzwa. Mama alimwita "mwanangu" kwa Kiswahili, na kila asubuhi alimwekea noti kiganjani, mbali na ile ada.

Na kutapika? Usiku wa kwanza, nje ya kisiwa cha Vancouver, meli ilianza kulala upande huu na huu. Mama alikunywa tangawizi, akavuta blanketi, akakoroma. Aliyetapika ni mimi.

Nyangumi tuliowaona Auke Bay ni wale wenye nundu, ambao jamaa zao wa kusini hupita pwani yetu wakati wa kusi. Mmoja alitoka karibu na boti, akapumua, na upepo ukatuletea pumzi yake usoni. Inanuka kama soko la samaki la Deep Sea kule Tanga saa nane mchana. Mama alijifunika pua na mtandio huku anacheka na machozi yanamtoka.

Siku ya Glacier Bay walinzi wa hifadhi walipanda kwa boti ndogo asubuhi, wakawa wanaeleza kwa kipaza sauti. Watu wa George Vancouver, nahodha Mwingereza, walipopita hapo 1794, ghuba ilikuwa imejaa barafu, mdomo tu ndio ulioonekana. John Muir, mtaalamu wa mazingira, alipofika 1879, barafu ilikuwa imekwisharudi nyuma zaidi ya kilomita 50. Sasa meli inakwenda kilomita mia moja ndani kabla ya kukutana nayo. Watlingit, wenyeji wa huko, huuita mlio wa barafu ikikatika ngurumo nyeupe. Unaona kwanza kipande kinaanguka, kimya, halafu mlio unakufikia.

Huko jua linazama saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, kwa hiyo Mama alikuwa akikusanya sala kama msafiri. Kibla nilikuwa nimeitafuta kwenye simu kabla hatujaondoka, na nilipomwambia ni kaskazini, nyuzi chache tu mashariki yake, alinitazama kama namtania. "Kama Tanga?" Kama Tanga. Shida ilikuja mbele ya Margerie, ule mto wa barafu mkubwa, pale meli inapojizungusha taratibu ili watu wa pande zote waone. Alikuwa ameanza adhuhuri na dirisha liko mbele yake, amemaliza ukuta wa barafu umehamia kulia. Akakunja mswala. "Nimeanza naelekea Makka," akasema, "sijui nimemaliza naelekea wapi."

Victoria tulifika saa mbili usiku, jua bado liko. Magoti yalikuwa yamemchosha, nikamwambia abaki apumzike. Akanitazama. Dola 185 na vidole vyake vyote kumi! Akavaa jaketi lake la mitumba, akashika mkono wa mjukuu, tukateremka ngazi polepole. Alitembea hadi penye maua, nje kidogo ya lango la bandari, akasimama, akaangalia kushoto na kulia.

"Haya," akasema. "Kanada nimefika. Turudi nikanywe chai."