Daftari lisilo na jina

Jumamosi, usiku.

Wiki nzima Frank J. Wilson amekuwa hanitoki kichwani. Wengi wanaojua kwamba Al Capone, mkuu wa genge la Chicago, alifungwa kwa kodi hudhani ilikuwa hila ya mawakili: wameshindwa kumpata kwa mauaji, wakamshika kwa karatasi. Sisi wa kazi hii ya kupeleleza mahesabu tunajua karatasi ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote.

Wilson alitoka Buffalo, jimbo la New York, akawa mpelelezi wa mahesabu katika kitengo cha upelelezi cha mamlaka ya kodi ya Marekani chini ya Elmer Irey. Mlango wa kisheria ulifunguliwa mwaka 1927, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua katika kesi ya Sullivan, muuza pombe ya magendo, kwamba mapato haramu nayo yanatozwa kodi. Basi lililobaki ni kuthibitisha kwamba Capone ana mapato. Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Hakuwa na akaunti ya benki. Hakusaini hundi. Mali haikuandikwa kwa jina lake. Kila kitu taslimu, na kila taslimu mkononi mwa mtu mwingine.

Kwa maelezo ya Wilson mwenyewe, usiku mmoja mwaka 1930, akitafuta pa kuhifadhi majalada yake, aliangukia furushi la karatasi ya kaki lililosahaulika: madaftari yaliyokamatwa mwaka 1926, polisi walipovamia nyumba za kamari za Cicero, mji ulio jirani na Chicago, baada ya mwendesha mashtaka msaidizi William McSwiggin kuuawa. Moja lilikuwa na safu za michezo: karata, dadu, roleti, dau za farasi. Faida ilizidi nusu milioni ya dola. Na hapa na pale yalitajwa malipo kwa “Al”.

Mtu asiyejua kazi angesema kesi imekwisha. Mimi nasema hapo haijaanza. “Al” si mtu mbele ya jaji. Daftari lisilo na mwandishi ni karatasi tu. Wakili yeyote atauliza nani aliandika, lini, kwa maagizo ya nani, na lilitunzwaje tangu liliposhikwa. Kwa hiyo Wilson aliacha tarakimu akafuata mwandiko. Walikusanya sampuli za maandishi ya watu wa genge kutoka kila mahali mtu anapolazimika kuandika kwa mkono wake: orodha za wapiga kura, hati za dhamana za mahakamani, fomu za benki. Wakalinganisha herufi kwa herufi. Mkono uliofanana ulikuwa wa Leslie Shumway, karani wa zamani wa nyumba hiyo ya kamari. Wakampata Miami mwanzoni mwa 1931, akifanya kazi kwenye uwanja wa mbio za mbwa.

Kwa anayejifunza: sampuli ya mwandiko isiwe ile uliyomwambia mtu akuandikie mezani kwako. Mtu akijua anatazamwa hubadilisha mkono. Tafuta aliyoandika zamani, bila kujua, na ya kipindi kilekile cha leja, maana mwandiko huzeeka kama mwenyewe. Tarakimu husaidia kuliko herufi: jinsi anavyofunga 4, mkia wa 7, anavyokata mstari chini ya jumla.

Uzi wa pili ulipita benki. Fred Ries, mweka hazina wa kamari, alikuwa akipeleka faida taslimu kwenye benki ndogo ya Cicero na kununua hundi za benki kwa jina la J. C. Dunbar. Wazo lake lilikuwa zuri: hundi ya benki haimtaji mwenye fedha. Kosa ni kwamba benki hubaki na hundi iliyolipwa, na nyuma yake kuna sahihi ya kila aliyeipokea. Anayesafisha fedha hujali upande wa mbele, sisi hugeuza. Ries alikamatwa St. Louis, naye aliogopa wadudu kupita kiasi, wakamweka katika selo yenye wadudu mpaka akasema. Sipendi sehemu hiyo. Ushahidi uliotolewa kwa hofu huwa na ufa, na bahati yao ni kwamba hundi zilikuwepo kuthibitisha kila neno. Bila hundi nisingemweka kizimbani.

Halafu kuna barua ya wakili. Lawrence Mattingly, akijaribu kupatana na mamlaka mwaka 1930, aliandika kwamba mapato ya mteja wake hayakuzidi dola 26,000 kwa 1926 na 40,000 kwa 1927, wala 100,000 kwa mwaka 1928 au 1929. Hakusoma alichokiandika. Kwa mtu aliyekuwa hajawahi kujaza fomu ya kodi, kutaja kiasi chochote ni kukiri kwamba kipo.

Upande wa matumizi nao ulipigwa chapuo kortini: suti, mikanda yenye vito ya kuwazawadia marafiki, bili za simu, fedha zilizotumwa Miami kwa telegramu. Njia yenyewe bado ndiyo tunayoitumia, na mamlaka za kodi za kwetu Afrika Mashariki pia hupima mapato kwa kuchambua benki na mali. Hesabu yake ni hii. Mtu ana mali ya milioni 40 na deni la milioni 10 mwanzo wa mwaka: safi 30. Mwisho wa mwaka mali 95, deni 15: safi 80. Ongezeko 50. Ongeza matumizi ya kuishi, tuseme 22, unapata 72. Toa alichotangaza, 18, toa urithi wenye hati, 6. Milioni 48 hazina baba.

Mahali pa kuharibikia ni pale mwanzo. Mtuhumiwa atasema alikuwa na fedha chini ya godoro kabla ya tarehe yako ya kuanzia, na kama hukufunga mlango huo mapema, 48 zako zinayeyuka. Mahakama Kuu ya Marekani ililitia mkazo mwaka 1954, kesi ya Holland: thibitisha vizuri mali ya mwanzo, na fuatilia maelezo yenye mantiki ambayo mtuhumiwa anatoa. Kwa hiyo angalia miaka ya nyuma: aliomba mkopo? Mwenye milioni 30 chini ya godoro hakopi laki tano kwa riba. Makosa mengine ni ya uvivu tu. Fedha iliyohamishwa kutoka akaunti yake kwenda akaunti yake inahesabiwa mara mbili. Nyumba inapimwa kwa bei ya sokoni leo badala ya bei aliyolipa. Fedha iliyotolewa Jumatatu ikarudishwa Ijumaa inaitwa mapato.

Hukumu ya Capone ilitoka Oktoba 1931: makosa 5 kati ya 22 ya kodi, miaka 11 gerezani na faini ya dola 50,000.

Kinachonirudisha kwa Wilson ni nyumbani kwake zaidi. Mkewe, Judith, alifuatana naye Chicago wakaishi hotelini, na kwa muda mrefu hakujua mumewe anamchunguza nani. Mtoa habari alipoonya kwamba wauaji wameajiriwa, walihama: hotelini wakasema wanaondoka mjini, wakaenda kituo cha treni, kisha wakajipenyeza hoteli nyingine ya Chicago hiyohiyo. Nafikiri juu ya meza ya chakula cha jioni ya watu wale. Mume amekaa na leja siku nzima, anaulizwa kazi ikoje, anajibu kuhusu hali ya hewa. Kimya hicho ni sehemu ya zana za kazi kama kalamu na kikokotoo, na mwenye kukilipia ni yule ambaye hakupewa faili.

Mwaka 1932 kitengo hicho cha Irey kiliingia kesi ya mtoto wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh, mtoto aliyetekwa. Irey na watu wake walisisitiza fidia ya dola 50,000 itolewe kwa noti ambazo namba zake zimeandikwa, na sehemu kubwa ziwe vyeti vya dhahabu, yaani noti zilizoweza kubadilishwa kwa dhahabu, ambavyo serikali ilianza kuviondoa kwenye mzunguko mwaka uliofuata. Vikazidi kuonekana kadiri vilivyopungua. Septemba 1934 mhudumu wa kituo cha mafuta New York alilipwa cheti cha dola 10, akahofia benki itakikataa, akachukua penseli na kuandika namba ya gari la mteja pembeni mwa noti. Karani wa benki akailinganisha na orodha. Gari lilikuwa la Bruno Hauptmann, na gerejini kwake kulikuwa na zaidi ya dola 13,000 za fidia ileile.