Acheni kusugua mtutu wa bunduki ya upepo kila wiki

Nimechoka na huu ushauri wa "safisha mtutu kila ukimaliza kupiga", wacha nieleze yaliyonikuta. Niko Leicester, nina Weihrauch HW95 ya milimita 4.5, ile ya springi unayokunja mtutu. Nguvu yake haizidi futi-pauni 12 kwa hiyo huku England haidaiwi leseni (Scotland ndio wanataka cheti tangu mwisho wa 2016). Mita 25 ilikuwa inaweka peleti (vile virisasi vyake vidogo) tano ndani ya sarafu ya pauni moja, raha tupu.

Mzee mmoja klabuni, mtu wa bunduki za baruti miaka yote, akaniambia mtutu wako mchafu huo, utaoza. Nikamwamini. Nikanunua brashi ya shaba, nikapulizia mafuta ya kulegezea nati humo ndani, nikasugua kutokea mdomoni mwa mtutu, nenda rudi, mpaka mkono ukauma. Jumamosi nimetoka nyuma ya nyumba, nimeweka kizuizi changu cha kusimamisha peleti vizuri, nafyatua ya kwanza: paaa! Mlio kama fataki, moshi unatoka mdomoni, jirani kachungulia juu ya uzio. Ya pili vilevile. Kumbe pistoni ikibana hewa inapata joto kali na yale mafuta yanalipuka kama kwenye injini ya dizeli, ukiendelea hivyo unaua sili (kile kizibo cha pistoni kinachozuia hewa isivuje) na springi. Na shabaha sasa, matundu yametawanyika upana wa kisosi, nusura nilie.

Jamani bunduki ya upepo haina baruti, hakuna masizi ya kula chuma humo. Peleti ni ya madini laini ya risasi, inaacha utando mwembamba kwenye mifereji ya mtutu na utando huo ndio unaofanya zote zipite sawasawa. Unasafisha shabaha ikianza kupotea, basi.

Nilichofanya, nikachukua waya wa nailoni wa mashine ya kukatia majani, milimita 2, sijui pauni tatu nne hivi. Ncha moja nikaichoma na kiberiti ikavimba kama kichwa cha msumari, ilipopoa nikaipiga msasa ipite mtutuni bila kubana, ncha ya pili nikaichonga kama mkuki. Fulana kuukuu ya pamba nikaikata vipande vidogo, unatoboa katikati, kinateleza mpaka kwenye kile kichwa, unaingiza waya kutokea nyuma unapowekea peleti na kuuvutia mdomoni, safari moja, hakirudi! Cha kwanza kilitoka cheusi tii, cha pili kijivu, cha saba cheupe. Vikavu vyote, sikutia dawa yoyote, zile za bunduki za baruti nyingine zinakula sili.

Peleti 20 za mwanzo bado zilitangatanga, usiguse darubini hapo, mtutu unajipaka upya. Kwenye 30 na kitu zikaanza kukaa pamoja. Brashi ya shaba nimeitupa, miezi minane sasa sijagusa mtutu na tano bado zinafunikwa na sarafu.