Siku moja maishani mwangu: ghalani na makasha ya kilo 60

Saa 1:00 asubuhi. Lori limefunguliwa, makasha ya mbao yamepangwa hadi juu. Ubavuni yameandikwa "Uzito: kilo 60". Nilifeli fizikia shuleni, lakini ghala limenirudisha darasani kwa nguvu, na siku hizi maandishi hayo yananikera. Kilo 60 ni tungamo, yaani wingi wa mata iliyomo. Uzito ni kani, yaani nguvu, ambayo dunia inalivutia kasha chini: kilo 60 mara 9.8, mvuto wa dunia kwa kila kilo, ni kama nyutoni 588 (nyutoni ndicho kipimo cha kani). Lipeleke mwezini, uzito utashuka hadi nyutoni 96 hivi, na kilo zitabaki zilezile 60.

Saa 2:30. Kijana mpya anasukuma kasha kwenye sakafu ya saruji. Halisogei. Anakaza, bado. Mara linachomoka, naye anakwenda nalo nusura aanguke. Sote tumepitia hapo. Msuguano wa kitu kilichotulia hukua kadiri unavyosukuma, mpaka ufike kikomo chake. Kitu kikishaanza kuteleza, hupungua.

Hakuamini, nikachukua mizani ya springi, ile ya kuning'iniza mzigo, nikaifunga ubavuni mwa kasha na kulivuta sambamba na sakafu. Ilisoma 30 kabla halijasogea, kisha ikarudi 24. "Kwa hiyo kasha lina kilo 24, kaka?" Hapana! Springi hupima kani tu, basi. Aliyeitengeneza ndiye aliyeamua kuandika kilo. Ile 30 ni nyutoni kama 294, nusu ya uzito wa kasha.

Saa 4:00. Ubishi. Anataka tulisimamishe kasha upande mwembamba, eti litagusa sakafu kidogo na kuwa jepesi kusukuma. Tukalisimamisha. Mizani ikasoma karibu palepale. Guillaume Amontons, Mfaransa, alishaliandika hilo mwaka 1699: msuguano hufuata kani inayokandamiza nyuso mbili, si ukubwa wa eneo linalogusana. Faida tuliyopata ni kasha lililotaka kupinduka.

Saa 6:30. Chakula. Mgongo unauma.

Saa 8:00 mchana. Toroli, makasha matano, kilo 300. Magurudumu yamekula karibu msuguano wote, na hapa ndipo watu huumia. Toroli likianza kwenda, kijana anacheka kwamba mzigo umekuwa mwepesi. Mwepesi wapi? Tungamo liko lilelile, na tungamo ndilo linalokataa kubadilishiwa mwendo. Toroli hilo likienda mita 1.5 kwa sekunde, mwendo wa kutembea tu, kulisimamisha kwa sekunde moja kunadai nyutoni 450. Ukijipa sekunde tatu, 150 zinatosha. Ndiyo maana naanza kulizuia mapema, nikiwa bado mbali na ukuta. Kovu la kifundo changu cha mguu ni la siku niliyochelewa.

Saa 9:15. Maji yamemwagika mlangoni. Tunasimama hadi pakauke. Asubuhi nzima tumeulaani msuguano, kumbe ndio unaotushikia viatu tunaposukuma.

Saa 10:30 jioni. Tunapakia lori la kutoka. Kijana anashika mkanda wa kufungia mzigo, anasita. "Haya madogo sawa, tuyafunge. Lile kubwa la kilo 600 litakwenda wapi, kaka, zito vile?"

Swali zuri kuliko yote ya leo. Nikamwambia ahesabu. Kasha likiwa na tungamo mara kumi, msuguano unaolishika ni mara kumi. Lakini dereva akikanyaga breki, kani inayotakiwa kulizuia lisiendelee mbele nayo ni mara kumi.

Akanyamaza, midomo ikicheza hesabu. "Basi yatateleza pamoja."

Akaenda kuchukua mkanda wa pili.