Andika tu, afande

Siku ya Idd binti yangu aliniuliza kwa nini mjomba wake anaswali kwenye kiti kama bibi. Nikamwambia goti linamsumbua. Likafanywa nini? Liligongwa na gari. Akaridhika, akakimbilia biskuti. Mimi ndiye niliyebaki nalo lile swali, na tangu hapo ile asubuhi ya kituo cha polisi haitoki kichwani.

Ilikuwa 2014. Mdogo wangu alikuwa na pikipiki ya mkataba, kijiwe chake Mtoni kwa Azizi Ali. Kila jioni anampelekea bosi hesabu, na mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake. Alikuwa amebakiza miezi michache tu. Leseni hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ile karatasi ya kujifunzia, ameikunja hadi imekatika kwenye mikunjo, kaitia kwenye kinailoni ndani ya waleti, na muda wake ulishakwisha zamani. Ili apate leseni yenyewe ilibidi asome chuo cha udereva apate cheti, akajaribiwe na trafiki, kisha aende TRA, mamlaka ya mapato. Kila hatua inakula siku, na siku ambayo hukupanda pikipiki bosi anaidai vilevile. Basi akawa anapita vichochoroni. Kila njia ya kutokea Mtoni hadi Tandika bila kukutana na trafiki aliijua.

Bosi alipomkabidhi funguo alitaka barua ya serikali ya mtaa na mdhamini. Leseni hakuiuliza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamkataza pia mwenye chombo kumwachia mtu asiye na leseni akiendeshe, lakini katika yote yaliyofuata sikusikia hata mtu mmoja akimgusa bosi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ajali yenyewe nitaisema haraka. Alikuwa ametoka kumshusha abiria, anarudi kijiweni na barabara ya Kilwa, mchana kweupe. Gari aina ya Noah iliyokuwa ikienda naye sambamba ikakata kushoto ghafla kuingia sheli, bila indiketa. Akaingia ubavuni mwake. Wenzake wa kijiweni waliona, na mchoro wa trafiki ulionyesha hivyohivyo. Tukachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hospitali ya Temeke wakamfunga mguu, wakatupa rufaa Muhimbili, na MOI, taasisi ya mifupa ya hapo, wakamtia chuma kwenye paja. Goti nalo lilikuwa limeumia vibaya, tukaambiwa mazoezi ndiyo yatakayolirudisha.

Alipoanza kutembelea magongo tukaitwa kituoni. Tulikwenda watatu, yeye, mimi na Mama. Dereva wa Noah hakuja. Alikuja shemeji yake, baba mmoja mtaratibu, shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki imetulia mapajani. Alitusalimia vizuri. Mama akampisha mdogo wangu kwenye benchi ili anyooshe mguu, yeye akasimama.

Afande akauliza, "Mnaelewana wenyewe, au faili liende mbele?"

Mama ndiye aliyejibu. Mama yangu hakusoma sana, lakini alikuwa amelifikiria jambo lile usiku kucha. "Liende mbele, afande. Gari lina bima, stika nimeiona kiooni kwa macho yangu. Mwanangu alikuwa kwenye njia yake. Nataka haki yake."

Yule baba hakukasirika. Alisubiri Mama amalize, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemshauri mzazi wake: "Mama yangu, bima sikatai. Ila tukifika kwa hakimu, wa kwanza kuulizwa atakuwa kijana. Leseni yake iko wapi?"

Nilimwona mdogo wangu akipeleka mkono kwenye mfuko wa nyuma, pale penye waleti. Hakuitoa. Mkono ukabaki palepale, kiganja kimeukandamiza mfuko kana kwamba kuna mtu anataka kumwibia. Mama alimgeukia. Hakuwa anajua. Miaka yote ile ya kumuaga kila alfajiri kwa dua, hakuwahi kufikiria kwamba mtoto wake anabeba watu bila leseni. Hakumwambia kitu. Alimtazama tu, akisubiri ule mkono utoke na kitu.

Afande naye alikuwa anasubiri, kalamu iko juu ya kitabu. Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki iliyokamatwa, inagoma, anajaribu tena.

"Andika tu, afande," mdogo wangu akasema. "Tunamalizana."

Mama akasema, "Mwanangu." Hakuongeza neno.

Ikaandikwa kwamba pande mbili zimeelewana, kwamba amepokea shilingi laki nne za matibabu na hana madai mengine. Kaunta ilikuwa ndefu kwa mtu mwenye magongo, akaegemea kwa kiwiko, karatasi ikawa inateleza. Nikaishika kwa vidole viwili ili atie sahihi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko Mama, kwa hiyo niliyasoma yale maneno *hana madai mengine* kabla wino haujakauka.

Laki nne haikufika mbali. Bosi alichukua pikipiki yake, foku imepinda, tangi limebonyea, na hesabu yote aliyokwisha kupokea ikawa yake pia. Mazoezi ya goti yalikatika fedha ilipokwisha. Ndiyo maana halikunji, na ndiyo maana ya kile kiti.

Baadaye sana binamu yetu aliyesomea sheria alitueleza jambo lililoninyima usingizi. Kuendesha bila leseni ni kosa, na lina adhabu yake. Lakini kosa hilo halimpi mwenye gari ruhusa ya kukukata njia, wala halifuti uzembe wake. Hakimu angeweza kumwadhibu mdogo wangu kwa la leseni, na bado dai lake la kugongwa likasikilizwa. Hayo ni mambo mawili. Pale kaunta yalifanywa moja kwa swali moja la upole, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kututenganishia. Watu wakizungumzia kuendesha bila leseni wanataja faini na pikipiki kulala kituoni. Mimi nilichokiona ni kijana aliyeonewa akanyamaza mwenyewe, bila kunyamazishwa, kwa sababu alikuwa na jambo lake la kuficha. Faini ungeilipa ukasahau.

Leseni ya daraja A aliipata, akiwa na goti hilohilo. Siku hizi haendeshi sana, ana pikipiki mbili anazozitoa kwa mkataba, na swali lake la kwanza kwa kijana ni leseni. Huna, hupewi. Hana mjadala. Mwezi uliopita alimkatalia mtoto wa jirani yetu, kijana mwenye adabu, mwenye mke na mtoto mchanga. Mama yake alikuja mpaka barazani kwetu, akasema mbele ya watu kwamba tunamnyima mwanawe ugali kwa ajili ya kadi ya plastiki, na kwamba sisi wenyewe tunajua mdogo wangu alianzaje. Tangu siku hiyo hanisalimii.

Na yule kijana hakuacha. Alikwenda Buza, akapata bosi mwingine aliyetaka barua ya serikali ya mtaa na mdhamini tu. Nimemwona mara mbili akipita na abiria, anaingilia vichochoroni. Kwa hiyo mdogo wangu amelinda pikipiki yake, na dhamiri yake pengine, lakini kijana yuko barabarani vilevile, na karatasi yake ikiwa ipo sijui imekunjwa wapi.

Nimemwambia mdogo wangu amwite, amkopeshe ada ya chuo, kisha aikate kidogokidogo kwenye hesabu. Kasema atafikiria, ila kwanza yule mama aje wamalize maneno aliyoyatoa barazani. Nami naona ni sisi tunaopaswa kwenda kwake. Hatujakubaliana.