Mwacheni mchezaji aombe

Jana kwa matatu ya kutoka tao kwenda Rongai nimesikia mtangazaji flani wa redio akisema wachezaji wamwache Yesu kanisani waje uwanjani kucheza tu, mwenzake anacheka, na kusema ukweli iliniuma sana. Marc Guéhi akiwa kapteni wa Crystal Palace, timu ya soka ya Uingereza, mwishoni mwa Novemba 2024, aliandika anampenda Yesu kwa kitambaa cha kapteni cha rangi za upinde, kile cha kampeni ya kuunga mkono watu wa LGBTQ+, FA (chama cha soka cha huko) wakamkumbusha sheria ya kutoweka ujumbe wa dini kwa jezi, mechi iliyofuata akaandika Yesu anakupenda, na magazeti yakamjadili weee. Sawa, kama kuna sheria tuongee sheria, na kama kuna mtu aliumia asikizwe pia. Lakini kukejeli maombi ya mtu? Tim Tebow, mchezaji wa futiboli ya Marekani, 2011 akiwa Denver Broncos alipiga goti tu kuomba, ikageuzwa kichekesho nchi nzima jamani!! Wanariadha wetu wangapi hupiga ishara ya msalaba wakimaliza mbio na hatushangai. Timu yetu ya mtaa tunaomba kabla ya mechi, golkipa wetu Mwislamu anasoma dua yake, tunangojana, halafu tunaingia. Huyo mtangazaji aje Jumapili aone.